Kodi Yaenda Wapi, Nyumba Zikibomoka?



Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Katika mitaa ya umma ya Eastlands, jijini Nairobi, ufa uliachwa kwa makumi ya miaka. Na leo twaambiwa kwamba dawa ni kubomoa nyumba nzima. Mganga ni yule yule aliyeuacha ufa. Dawa yake twaikataa.

Tuitazame Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940. Tuitazame Shauri Moyo, Bahati na Jericho. Mitaa hii haikuangushwa na uzee. Imeangushwa na paa lisilozibwa, bomba lisilobadilishwa na mtaro wa maji machafu usiozibuliwa. Hizo ni kazi za mwenye nyumba, na mwenye nyumba ni serikali ya jiji.

Jibu la wakubwa twalijua: kodi ni ndogo mno. Naam, ni ndogo. Lakini hata hiyo ndogo ilitiwa katika mfuko mmoja na mapato mengine, ikamezwa na mishahara na madeni kabla fundi hajanunuliwa msumari. Isitoshe, nyumba kadha wa kadha zimo mikononi mwa madalali, wanaolilipa jiji kodi ndogo, kisha wakawapangisha maskini kwa bei ya soko. Maskini huyo alipa kodi kubwa. Yaenda wapi?

Mzizi wa ugonjwa ni kukosa wa kuulizwa. Mwaka 1983 baraza lililochaguliwa na watu wa Nairobi lilivunjwa, ikawekwa Tume ya Jiji ya wateule hadi 1992. Mpangaji hakuwa na diwani wa kumwondoa kwa kura. Uchaguzi wa vyama vingi ukawarudisha madiwani, lakini haukumrudisha fundi. Kwani kura bila hesabu za wazi ni nusu ya haki. Mwaka 2004 ripoti ya Tume ya Ndung'u ikafichua jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kama zawadi za kisiasa. Baada ya hayo, nani atatulaumu tukishuku kila tingatinga?

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya makao yafaayo. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 iliamuru mfanyakazi akatwe asilimia 1.5 ya mshahara wake. Hatupingi ujenzi. Twasema tu kwamba ghorofa lisilotunzwa ni mtego: lifti iliyokufa humtesa mkongwe kuliko paa linalovuja.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kodi ya nyumba za umma iwekwe katika akaunti yake ya ukarabati, na hesabu zibandikwe mtaani. Daftari la wapangaji liwe wazi, dalali aondoke. Na nyumba yoyote isibomolewe kabla mpangaji hajapewa mkataba wa maandishi wa kurudi, kwa kodi anayoimudu.

Hatuombi sadaka. Mali ya umma ni mali yetu, na mwenye mali haombi: hudai.