Hesabu Haimuulizi Mtu Kwao

Katika shule za Uingereza, watoto wa asili ya Kichina ndio wanaosifika kwa kupita vizuri mitihani ya umri wa miaka 16. Hata wa nyumba maskini hawaachwi mbali na wenzao wa nyumba zenye uwezo. Aghalabu huchagua hesabu na sayansi, wakitaraji uhasibu, udaktari, ufamasia au uhandisi. Watu husema: "Ndivyo walivyoumbwa hao." Mimi siyakubali maneno hayo.

Tutazame walikotoka. Wazee wa baadhi yao walihama Hong Kong, hasa vijiji vya New Territories, katika miaka ya 1950 na 1960. Kiingereza hawakukijua, wakaingia jikoni: mikahawa na maduka ya vyakula vya kununua na kwenda navyo. Mtoto akirudi shule, alisimama nyuma ya meza akipokea fedha na, mara nyingine, matusi ya walevi. Mzazi aliyeungua mikono kwa mafuta hataki mwanawe airithi karai ile. Humtafutia somo ambalo jawabu lake ni moja, na msahihishaji hana haja ya kutazama sura wala jina. Hesabu haimuulizi mtu kwao.

Hilo si umbile, ni busara ya mgeni. Wala si desturi ya mababu. Uchina ilichagua maofisa wake kwa mitihani kwa zaidi ya miaka 1,200, hadi ilipofutwa mwaka 1905. Je, walitahiniwa nini hasa? Vitabu vya kale, insha na, kwa karne nyingi, mashairi! Msomi aliyeheshimiwa kuliko wote alikuwa mtu wa kalamu.

Becky Francis na Louise Archer waliwahoji vijana hao 80 mjini London. Waliona kwamba walimu huwasifu kwa bidii, kisha hao hao huwalaumu kwamba ni wakimya mno na wanasukumwa na wazazi. Mtoto afanyeje basi?

Mzazi namwelewa, aliiogopa njaa. Walakini mwalimu amwonaye Mchina akampa bikari kabla ya kumuuliza apendalo, huyo simwelewi. Huenda mbele yake ameketi mtunga mashairi, naye anamhesabu mhasibu.