Nepi za Kutupa Hutupwa Wapi?

Tuna neno la kuuliza, wala hatulisemi ili kumwaibisha mtu. Nepi hizi za kutupa, ambazo wengi huziita pampasi, zikisha kutupwa huenda wapi?

Zamani mama alimfunga mtoto winda la nguo kuukuu; likichafuka alilifua, akalianika juani, akalifunga tena. Siku hizi hata duka dogo la kijijini huuza nepi za kutupa, moja moja, na mama afungaye winda huchekwa kwamba hajastaarabika. Sisi twakataa. Mtu aachaye uchafu wake njiani hakustaarabika, hata ukiwa umefungwa katika kitu cha bei kubwa.

Na tuitazame nepi yenyewe. Nje ni plastiki. Ndani mna nyuzi laini za miti na chembe zinywazo maji mara nyingi kupita uzito wake. Nyuzi zile huoza, lakini plastiki yaweza kukaa ardhini miaka mamia. Kitu alichovaa mtoto kwa saa nne, vitukuu vyake watakikuta shambani wakilima.

Wengine huzitumbukiza chooni: nazo hufura kwa maji, haziozi, na shimo la miaka mingi hujaa upesi. Wengine huzitupa migombani au bondeni: mbwa huzirarua, na mvua huzichukua mpaka kijitoni, pale pale tutekapo maji. Wengine huzichoma: nepi mbichi haiwaki vema, hutoa moshi wenye sumu, na watoto huuvuta.

Wako wasemao, "Kinyesi cha mtoto si kitu." Wamekosa kabisa. Chaweza kuwa na vijidudu vya kuhara, vya kipindupindu na vya homa ya matumbo, na mayai ya minyoo, kama cha mtu mzima. Tena, kwa kuwa nepi ni ghali, mama huiacha kutwa ili zisiishe upesi, na ngozi ya mtoto hulowa, ikababuka, ikafanya vidonda. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Lakini mtoto huyu hakujichoma mwenyewe.

Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya 2017, Tanzania 2019, nasi tukarudia vikapu. Amri zile zilikuwa za mifuko, nepi zikabaki. Marekani, penye magari ya kuzoa taka, nepi za kutupa za mwaka 2018 zilipata tani milioni 4, na nyingi zilifukiwa katika majaa makubwa. Sisi wa kijijini tusioona gari la taka, tutazifukia wapi?

Tutajibiwa kwamba kufua nako kuna gharama. Ni kweli. Mwaka 2008 idara ya mazingira ya Uingereza ilieleza kwamba faida ya nepi za nguo hutegemea namna zifuliwavyo: zikikaushwa kwa mashine, faida hupotea, zikianikwa nje, na kutumiwa tena kwa mtoto wa pili, madhara hupungua sana. Basi jua tunalo, tena bure.

Lakini maji, nani ayateke? Hapa sisi wanaume tuna hatia. Mwanamke aliyejifungua juzi ateke maji, apike, alime, afue na mawinda. Kisha sisi tuketio barazani tumlaumu kwa kununua nepi? Baba anayeutaka mto safi na aichukue ndoo mwenyewe. Asipofanya hivyo, anyamaze, maana maneno yetu haya hayana nguvu kinywani mwake.

Basi shauri letu ni hili. Nyumbani mtoto afungwe nguo. Kinyesi kitiwe chooni kwanza, kisha nguo ifuliwe kwa sabuni mbali na kisima, na mikono inawe. Nepi ya kutupa iwe ya safari au ya ugonjwa. Nayo ikisha kutumika, kinyesi kikung'utwe chooni, na nepi ifukiwe katika shimo la taka, mbali na maji. Na wazee wa kila kijiji waonyeshe mahali pa shimo hilo kabla ya masika, maana mvua haitangoji baraza letu liishe.