Fantasi ya mtoano Ulaya: Vijiwe vinagombana kwa sheria za kunakili

Kila Februari, Ligi ya Mabingwa Ulaya ikirudi na hatua ya mtoano, vijiwe vinaanzisha fantasi ya pembeni. Watu kumi kwenye grupu la WhatsApp, kila mmoja anatuma Sh10,000 kwa simu, laki moja inasubiri bingwa. Ikifika Aprili, nusu ya grupu iko kimya na wengine wanadai hela yao.

Shida mara nyingi si utapeli, ni kunakili. Wengi wanabeba sheria za fantasi ya Ligi Kuu England kama zilivyo: wachezaji 15, wasiozidi watatu kutoka klabu moja. Kwenye ligi ya timu 20 zinazocheza wote hadi Mei, hilo halina neno. Kwenye mtoano hesabu inagoma. Nusu fainali zimebaki timu nne, na watatu watatu ni wachezaji 12. Kikosi cha 15 hakijai hata uwe mtaalamu vipi. Fainali wanabaki sita! Dawa ni kupandisha idadi ya wachezaji wa klabu moja kila hatua, na fainali kuachia kabisa.

Wanaogawana wachezaji, yaani ukishamchukua Mbappe hakuna mwingine wa kumpata, wana kazi kubwa zaidi. Fainali ina wachezaji 22 wanaoanza. Kwa watu kumi ni wastani wa wawili kwa kila mtu, na kuna atakayebaki mikono mitupu. Bila kugawana upya kila raundi, wa mkiani akitangulia kuchagua, mchezo unakufa kwenye robo fainali.

Halafu kuna hili la kuanza mapema mno. Kwa mfumo wa sasa wa timu 36, nane za juu zinakwenda moja kwa moja 16 bora, na zilizoshika nafasi ya tisa hadi ya 24 zinacheza mchujo. Msimu wa 2024/25, Liverpool, Barcelona, Arsenal na Inter walikuwa wamekaa pembeni Februari. Aliyeanza na Mohamed Salah alivuna sifuri. Aliyemchukua Erling Haaland naye aliumia, maana Manchester City ilitolewa na Real Madrid kwa jumla ya mabao 6-3 mwezi huohuo. PSG, waliomaliza wa 15, waliichapa Brest 10-0 kwa mechi mbili, na mwisho wakabeba kombe kwa kuifunga Inter 5-0. Mwenye wachezaji wa PSG alikuwa na mechi mbili za ziada ambazo mwenye wa Inter hakuwa nazo. Kuanzia 16 bora ni haki zaidi.

Matuta nayo yanavunja urafiki. Machi 11, 2025 pale Anfield, PSG walishinda 1-0, jumla ikawa 1-1, zikapigwa dakika 120, kisha PSG wakashinda penalti 4-1. Gianluigi Donnarumma alidaka ya Darwin Nunez na ya Curtis Jones. Fantasi ya England inampa kipa pointi tano kwa penalti aliyodaka. Sasa hapo anapewa 10 au hapewi kitu? Mwenye Donnarumma ana jibu lake, asiye naye ana lake, na wote wanaongea kwa herufi kubwa. Lililo rahisi ni dakika zote 120 zihesabiwe na matuta yaachwe, mradi iandikwe kabla mpira haujaanza.

Usajili nao ufungwe kabla ya mechi ya kwanza ya Jumanne. Hatua ya 16 bora ina mechi za saa 2:45 usiku na za saa 5:00 usiku. Anayeachiwa kubadili nahodha hadi Jumatano anacheza huku ameshaona majibu ya wenzake.

Kuhusu mkwanja, kumpa bingwa laki nzima ndiko kunakofukuza watu. Sh15,000 kwa kinara wa 16 bora, Sh15,000 kwa wa robo fainali, Sh20,000 kwa wa nusu fainali na Sh50,000 kwa bingwa wa jumla: hapo hata wa mwisho ana sababu ya kupanga kikosi. Na hela akae nayo mtu asiyecheza.