Kupata Nafuu si Kupona

Wapo watumishi ambao, mara wajisikiapo nafuu, huviweka kando vidonge vya shinikizo la damu wakidhani wamepona. Huko ni kujidanganya. Ugonjwa huu hukaa kimya huku ukidhoofisha mishipa, moyo na figo. Dawa huuzuia tu, haziung'oi. Tena, dawa za kupunguza mapigo ya moyo, kama vile propranololi na atenololi, zikikatizwa ghafla zaweza kumletea mwenye ugonjwa wa moyo maumivu ya kifua, hata shambulio la moyo. Wala haifai kumgawia mwenzako: mwenye pumu aweza kubanwa pumzi kwa dawa hizo hizo. Hapana budi kila mgonjwa ajue jina la dawa yake, kipimo chake na saa zake, wala asibadili lolote pasipo kauli ya daktari.