Kabla hujamwambia fundi "piga Windows upya"

Ijumaa moja nilikwenda nyumbani Kilindoni, Mafia, kwa likizo fupi. Nilishuka kwenye boti ya Nyamisati kichwa bado kinayumba, nikapokewa na mdogo wangu wa kiume ambaye amemaliza kidato cha sita. Alinisalimia, akabeba begi, kisha njia nzima hakusema neno. Tulipokaribia nyumbani akasimama.

"Dada, nimeharibu kompyuta ya Baba. Tafadhali usimwambie."

Baba ni mwalimu mstaafu. Tangu aambiwe ana shinikizo la juu la damu, anajipima asubuhi na jioni, na kila kipimo anakiingiza kwenye jedwali alilolitengeneza mwenyewe, kama alivyokuwa akijaza alama za wanafunzi. Jedwali lilikuwa limefikisha miezi saba. Jumatatu alikuwa na miadi kliniki, na daktari alishamwambia aje nalo, kwa sababu kipimo kimoja hakitoshi kuamua habari ya dawa. Humohumo kwenye kompyuta kulikuwa na vyeti vya mdogo wangu na picha zote za mjukuu wa kwanza wa nyumba yetu.

Kijana hakuwa na nia mbaya. Kompyuta ile ni ya zamani, inatumia Windows 10, ambayo Microsoft ilimaliza kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 haiikubali mashine hiyo. Rafiki yake akampa flashi yenye Ubuntu, mfumo endeshi wa bure wa ukoo wa Linux, akamwambia unaweza kukaa pamoja na Windows kwenye kompyuta moja. Ni kweli, unaweza. Akauweka. Alipowasha tena, Ubuntu ikaja, Windows haikuonekana.

Siku mbili alikaa na siri yake. Siku ya tatu akaenda kwa fundi, ambaye bila kuiwasha alimwambia dawa ni moja tu: kupiga Windows upya. Mimi niliposhuka bandarini, yeye alikuwa anatafuta pesa ya kumlipa.

Hapo ndipo wengi tunapoumia. Kupiga Windows upya, kwa jinsi inavyofanywa mara nyingi, ni kufuta diski na kuanza moja. Fundi angefanya hivyo, jedwali la Baba lingepotea kwelikweli. Na mpaka dakika ile halikuwa limepotea hata mstari mmoja.

Vyumba viwili, bawabu mmoja

Nilimpigia rafiki niliyesoma naye chuo, mimi upande wa habari, yeye upande wa kompyuta. Aliniuliza jambo moja: "Ubuntu inawaka?" Nikasema ndiyo. "Basi tulieni. Msifute kitu, msiweke kitu."

Alivyotueleza ni hivi. Diski ni nyumba. Ukiweka mfumo wa pili, nyumba inagawanywa vyumba viwili, kimoja cha Windows na kingine cha Ubuntu. Mlango wa mbele ni mmoja, na pale mlangoni anakaa bawabu, programu ndogo iitwayo GRUB. Ukiwasha kompyuta, yeye ndiye anayekuuliza unakwenda chumba gani. Bawabu wetu alikuwa mgeni na jina la Windows hakuwa nalo kwenye orodha. Chumba kilikuwepo na vyombo vyote vilikuwa ndani.

Mzazi, kama jambo hili limekukuta, mpe kijana wako simu asome hatua hizi, nawe kaa naye.

Kwanza, okoa vitu. Ukiwa ndani ya Ubuntu, fungua programu ya faili, tafuta diski ya Windows kwenye orodha, kisha ingia folda iitwayo Users. Nakili kila cha muhimu kwenye flashi. Sisi diski ilikubali kusomwa tu, haikukubali kuandikwa. Usiogope wala usilazimishe. Windows 10 ina tabia ya kusinzia badala ya kuzima kabisa ili kesho iwake haraka, na Ubuntu ikiona mwenzake amesinzia huwa haigusi vitu vyake. Kusoma na kunakili kunatosha.

Jedwali la Baba lilifunguka palepale kwa LibreOffice, iliyokuwa tayari ndani ya Ubuntu. Mdogo wangu alikaa chini sakafuni, akafuta jasho.

Pili, mpite bawabu. Zima kompyuta, iwashe, na palepale bonyeza kitufe kinacholeta orodha ya kuwashia. Dell na Lenovo nyingi ni F12, HP ni Esc kisha F9. Yetu ilionyesha majina mawili, ubuntu na Windows Boot Manager. Tulichagua la pili, Windows ikawaka kama kawaida. Njia hiyohiyo inafaa kwa tatizo la kinyume, pale kompyuta inapokwenda Windows moja kwa moja na Ubuntu haionekani: chagua ubuntu, kisha uingie kwenye mipangilio ya kuwashia na kuipandisha iwe ya kwanza.

Tatu, mfundishe bawabu. Tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, GRUB kwa kawaida haitafuti mifumo mingine mpaka iruhusiwe. Ndani ya Ubuntu, fungua faili ya /etc/default/grub kwa ruhusa ya msimamizi, ongeza mstari GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, hifadhi, kisha kwenye dirisha la amri andika sudo update-grub. Ukiona mstari unaotaja Windows, washa upya. Majina yote mawili yatakuwa kwenye orodha.

Nne, angalia saa. Hili sikulitegemea. Windows iliporudi, saa yake ilikuwa nyuma kwa saa 3. Ndani ya kompyuta mna saa ndogo inayotembea kwa betri. Ubuntu huisoma kama saa ya dunia, UTC, kisha hujumlisha saa 3 zetu za Afrika Mashariki. Windows huiamini ilivyo. Tiba yake, ndani ya Ubuntu, ni amri timedatectl set-local-rtc 1, kisha urekebishe saa ya Windows mara moja. Usiseme ni kitu kidogo. Baba huandika muda wa kila kipimo kwa kutazama saa ya kompyuta. Presha aliyopima saa 12 asubuhi ingeandikwa saa 9 usiku, na daktari angeanza kumuuliza kwa nini halali.

Je, ikiwa hakuna mfumo hata mmoja unaowaka? Flashi ileile iliyoleta Ubuntu ndiyo huduma ya kwanza. Washa kompyuta kwa flashi hiyo na uchague kuijaribu Ubuntu bila kuiweka kwenye diski. Itafanya kazi ikiwa ndani ya flashi, utachukua faili zako, ndipo umwite fundi. Na ukimwita, neno la kwanza umwambie: "Usifute diski."

Kama bado hamjaanza

Sikatazi vijana kujaribu. Linux si kirusi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na LibreOffice iliyofungua jedwali la Baba imetoka kwenye ukoo huo wa OpenOffice. Hata jina Ubuntu ni la Kibantu, ndugu wa neno letu utu. Ila kabla ya kuanza, fanyeni haya manne. Nakilini faili zote kwenye flashi au diski ya nje. Jazeni chaji na muache waya kwenye umeme, maana mashine ikizimika katikati ya kugawa diski, hapo kweli mnaweza kupoteza vitu. Izimeni Windows kabisa kwa kushikilia kitufe cha Shift wakati wa kubofya kuzima. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, andikeni mahali ufunguo wake wa tarakimu 48, kwa sababu Windows inaweza kuudai ikiona mlango umebadilishwa.

Jioni ile nilimwambia mdogo wangu kwamba kumweleza Baba ni kazi yake, si yangu. Alikwenda barazani, akaamkia, akasema yote, pamoja na habari ya fundi. Baba alinyamaza kidogo.

"Vipimo vipo?"

"Vipo, Baba. Nimevitoa nakala."

"Sasa siku zote hizo ulinyamaza kwa nini?"

Kijana hakujibu. Mimi jibu nililijua, na nadhani Baba pia alilijua. Nyumba yetu, kama nyumba nyingi, mtoto akivunja glasi husikia kelele kabla ya kuulizwa kama amejikata. Kazini naandika kila siku juu ya wagonjwa waliochelewa kufika hospitali kwa kuogopa kugombezwa. Woga huo mtu hauanzii hospitali. Mtoto anayeficha kompyuta leo anaweza kesho kuficha kidonda, au homa, au jambo zito kuliko hayo. Siku mbili za kunyamaza ndizo zilizotaka kutugharimu miezi saba. Ubuntu yenyewe haikuwa imefuta kitu.

Jumatatu Baba alikwenda kliniki na jedwali lake, limechapwa kwenye karatasi. Siku hizi anaandika pia kwenye daftari la mistari, na kila Jumapili mdogo wangu ananakili faili kwenye flashi inayokaa kabatini kwa Mama. Kompyuta ina mifumo miwili, saa ni moja, na Baba bado anaingia Windows tu. Anasema kile chumba kingine ni cha mtoto, atabisha hodi siku akikaribishwa.