Mafuta ya Turkana: Tunagombea Mgao, Kina Tumekisahau

Kwa zaidi ya miaka kumi sasa, mjadala kuhusu mafuta ya Turkana umekuwa mjadala wa mgao. Tangu mafuta yalipogunduliwa katika kisima cha Ngamia 1 mnamo Machi 2012, viongozi walivutana kuhusu asilimia hadi Sheria ya Petroli ya 2019 ilipoamua kwamba, katika fungu la serikali, asilimia 75 iende kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 5 kwa wenyeji. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza fungu lenyewe hupatikanaje.

Swali hilo linamhusu hata mwanafunzi wa Kayole au Dandora ambaye hajawahi kufika Lokichar. Upande mwepesi wa mafuta Eastlands inaujua kwa uchungu: mnamo Septemba 12, 2011, petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba katika kijiji cha Sinai, Mukuru, ilishika moto na kuua zaidi ya watu 100. Upande mzito haufahamiki sana. Mafuta ya Lokichar yana nta nyingi, nayo huganda kama Kimbo asubuhi ya Julai. Ndiyo maana malori yaliyoyapeleka Mombasa kuanzia 2018 yalitumia matangi ya kuhifadhi joto.

Wengi hudhani kwamba mafuta yamejaa ardhini kama maji ndani ya tangi, sawasawa kutoka juu hadi chini. Sivyo. Yamo katika vitundu vidogo vya mwamba, na pale yalipotulia kwa muda mrefu, mambo mawili hushindana: uvutano wa dunia huzishusha chembe nzito, nao mtikisiko unaotokana na joto huzitawanya. Yanapolingana, sehemu nzito huzidi kadiri tunavyoshuka. Mwalimu wa fizikia ataitambua hapo kanuni ile ile inayoifanya hewa ya Nairobi, jiji lililo karibu mita 1,700 juu ya bahari, iwe hafifu kuliko ya Mombasa. Mfaransa Jean Perrin aliithibitisha mnamo 1908 kwa hadubini na chembe za utomvu zilizoelea majini, akizihesabu kimo baada ya kimo. Utafiti wake ulimpatia Tuzo ya Nobel ya 1926.

Kuganda kwa nta ni suala la baridi zaidi kuliko kina. Kinachofichua siri ya kina ni asfaltini, ile sehemu nzito kabisa ambayo huishia katika lami. Mikusanyiko yake ni mikubwa kiasi kwamba tofauti huweza kuonekana ndani ya makumi ya mita, ilhali molekuli ndogo hubadilika kidogo mno.

Hapo ndipo hesabu inapogeuka pesa. Mtaalamu huchukua sampuli za vina mbalimbali kutoka visima viwili na kuzipima dhidi ya mchirizi mmoja. Zikiufuata, yaelekea visima hivyo vinachota katika chungu kimoja. Lakini kisima cha kina zaidi kikitoa mafuta mepesi kuliko kile kifupi, budi tushuku kwamba kuna ukuta katikati, au kwamba mafuta hayajatulia. Na Lokichar imo katika Bonde la Ufa, ardhi iliyopasukapasuka! Kila chumba kilichotengwa huenda kikadai kisima chake, na kila kisima ni gharama. Chini ya mikataba ya kugawana mazao, kampuni hujirudishia gharama zake kwanza kutokana na mafuta. Kinachosalia ndicho hugawanywa. Kwa hiyo ukuta mmoja ambao haukutambuliwa waweza kulipunguza fungu la taifa kuliko hoja zote za asilimia bungeni.

Mnamo 2025 Tullow iliuza hisa zake za humu nchini kwa Gulf Energy. Kila kampuni huja na wataalamu wake na michirizi yake, wala hilo si kosa. Ajabu ni kwamba madarasani bado tunawakaririsha vijana orodha ya petroli, mafuta taa, dizeli na lami, kana kwamba habari za mafuta huanzia kiwandani. Mwalimu wa Buruburu aweza kuwapa wanafunzi wake vina vitano na vipimo vitano vya kubuni, kimoja kikiwa kimekiuka kanuni, kisha awaulize ukuta uko wapi. Zoezi hilo halihitaji maabara. Logarithimu na karatasi ya grafu zatosha.