OMS ipi, ya mwaka gani?

Kazi nyingi za kumaliza masomo ya uuguzi huku kwetu, kuanzia Kiringye hadi Uvira mjini, zinafungua na maneno yale yale: kipindupindu ni tatizo kubwa, kwa mujibu wa OMS. Basi. OMS ipi? Ya mwaka gani? Ukurasa upi? Msomaji anayetaka kuhakikisha hana pa kuanzia.

Na chanzo kizuri kipo. Mwaka 2015 jarida la PLoS Medicine, ambalo husomwa bure hata kwenye simu, lilichapisha utafiti wa Uvira wa miaka 2009 hadi 2014. Ulilinganisha siku ambazo maji ya bomba hayakutoka na idadi ya waliolazwa katika kituo cha matibabu ya kipindupindu. Karibu robo ya wagonjwa ilihusishwa na kukatika kwa maji. Lakini utafiti unasema wagonjwa "waliodhaniwa" kuwa na kipindupindu. Anayenakili kutoka kazi ya mwenzake bila kuufungua hulipoteza neno hilo, na dhana inageuka hakika.

Hasara yake imeonekana kwingine. Januari 1980 jarida moja kubwa la tiba la Marekani lilichapisha barua ya aya moja: kati ya wagonjwa 11,882 waliopewa dawa kali za maumivu, wanne tu ndio walionaswa na uraibu. Walikuwa wamelazwa, chini ya macho ya waganga. Hadi 2017 barua hiyo ilikuwa imetajwa mara 608, na wengi wa waliotaja hawakusema kwamba wagonjwa walikuwa hospitalini. Madaktari wakaamini dawa hizo ni salama hata nyumbani, na uraibu wake umeua Wamarekani wengi mno.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Ule wa namba unaitwa Vancouver, mji wa Kanada ambako wahariri wa majarida ya tiba walikutana mwaka 1978: mwandishi, kichwa, jarida, mwaka, kurasa. Tatizo ni kwamba baadhi ya walimu hukata pointi kwa ajili ya nukta na koma, ila hawafungui hata chanzo kimoja. Tunawaomba wafungue japo vitatu kabla ya siku ya utetezi.

Daftari la wagonjwa la kituo cha afya nalo ni chanzo. Litajwe hivyo: kituo gani, daftari lipi, kuanzia tarehe gani hadi gani.